Benchi Moja na Taa Moja: Maneno kwa Wanachuo Wanaopanga Nyegezi

Uongozi wa mtaa uliniomba nizungumze na wanachuo wapya pamoja na wenye nyumba, Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa shule ya msingi hapa Nyegezi, jijini Mwanza. Baadhi ya waliokuwepo wameniomba niyaweke kwenye maandishi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikarudishia na yale niliyoyaruka mvua ilipotukimbiza.

Mwadila, wanangu!

Mmeitikia vizuri, hata ninyi ambao Kisukuma ndiyo kwanza mnakisikia wiki hii. Mmetoka Kigoma, Mtwara, Songea, wengine mmevuka maji kutoka Ukerewe na Bukoba. Mmeshuka stendi na begi na godoro la kukunja, mkaulizia chumba. Karibuni Mwanza. Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee, baba zangu na mama zangu wenye nyumba wenzangu, nashukuru kwa kunipa nafasi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilianza kazi mwaka 1984, nikastaafu 2022. Tangu 2007 napangisha. Vyumba vilianza viwili, leo ni tisa, na waliopita humo wamesomea ualimu, uvuvi, uandishi wa habari, sheria, uhasibu, maana upande huu wetu vyuo viko vingi. Kwa hiyo mwanachuo simjui kwa cheti chake. Namjua bombani anapochota maji, namjua kwenye kamba anapoanika, namjua kwenye mita ya LUKU siku wanapogombana nani kawasha hita. Mhadhiri anawaona saa mbili hadi saa nne. Mimi nawaona saa zinazobaki, na hizo ndizo nilizoombwa nizisemee leo.

Kila mwaka mnaposajiliwa, anasimama mtu mzima mbele yenu na kuwaambia msipoteze muda. Mnapiga makofi, mnarudi vyumbani, na mambo yanaendelea yalivyokuwa. Hata mimi nimewahi kuwa mtu mzima huyo, miaka mingi. Nimeacha. Nimeacha kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba kijana niliyekuwa namkemea kwa kupoteza muda hakuwa na pa kuupeleka. Muda anao. Siku yenye kipindi kimoja cha asubuhi, saa tano ameshamaliza, na kuanzia hapo mpaka usingizi umpate ni mrefu mno. Alichokosa ni mahali. Nasema mahali penye kiti, penye mwanga, penye watu wanaomjua, na pasipodaiwa hela mlangoni.

Tembeeni leo saa mbili usiku kutoka hapa mpaka barabara kubwa, mhesabu milango iliyo wazi. Baa ziko wazi, na muziki. Kibanda umiza kiko wazi, mechi ya Uingereza inaanza, kiingilio ni hela ya chapati mbili. Duka la kubeti liko wazi, lina feni, lina viti, lina televisheni nne ukutani. Maktaba ya mkoa ni nzuri na ninaipenda, lakini iko mjini, inataka nauli ya kwenda na kurudi, na saa hizo imeshafungwa. Uwanja huu tuliokaa hauna hata taa moja. Vyumba vyenu vina upana wa kitanda, ndoo na meza ndogo, na bati linabaki na joto mpaka usiku. Sasa kijana wa miaka ishirini na moja aende wapi? Ataingia kwenye mlango ulio wazi. Mtu mzima yeyote angefanya hivyo hivyo.

Nitawasimulia kijana mmoja. Jina lake sitalitaja. Alikuja kwangu mwaka wa kwanza, mpole, anafagia uwanja bila kuambiwa. Ilikuwa 2019, wakati huo fedha ya chakula na malazi ya mkopo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. (Tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023 imekuwa 10,000.) Mnajua inavyokuja. Haiji kwa siku, inakuja kwa mkupuo, ndiyo maana mnaiita boom. Siku sitini kwa 8,500 ni shilingi 510,000, zinaingia kwenye simu ya kijana ambaye hajawahi kushika laki moja kwa mkono wake.

Wiki ya kwanza nilimsikia akicheka. Wiki ya pili alinyamaza. Nikaona jiko lake. Alikuwa na mtungi mdogo wa gesi, anauweka nje ya mlango anapopika. Siku ya kwanza haukutoka. Siku ya pili haukutoka. Siku ya nne nilipita nikagusa sufuria yake iliyokuwa imeinamishwa pale kibarazani. Ilikuwa kavu, ina vumbi, na buibui ameshaanza kujenga kwenye mkono wake. Nikagonga. Akafungua kidogo tu, akasema mama niko salama, nina mtihani. Nikamwambia najua huna mtihani, njoo ule.

Alikula ugali na dagaa, akala tena, ndipo akasema. Mkeka wa kubeti wa timu kumi na mbili, kumi na moja zimeshinda, moja imesawazishiwa dakika za mwisho, mkeka umechanika. Akaweka tena kuirudisha ile. Akaweka tena. Siku tisa, laki tano zote. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikamuuliza, mwanangu, ulikuwa unafuata nini kule? Akanijibu, "Mama, kule wananijua jina."

Nililala na neno hilo. Nilikuwa na wapangaji tisa ndani ya ukuta mmoja, na huyu alikuwa hajui jina la jirani yake wa chumba namba sita. Nami nilichangia. Nilikuwa nimebandika karatasi ukutani, kwa mkono wangu na kwa mwandiko wangu wa ubaoni: wageni mwisho saa moja, redio marufuku, kukaa uwanjani kwa makundi marufuku, taa ya nje inazimwa saa moja na nusu. Nilidhani nalinda nyumba. Nilichofanya ni kuwafungia watoto wa watu kila mmoja ndani ya sanduku lake, kisha nikashangaa wanakimbilia kwenye feni na viti vya watu wengine.

Huyo kijana alirudia masomo mawili, akamaliza akiwa amechelewa mwaka. Hajambo, anafanya kazi. Karatasi niliitoa wiki ile ile.

Nikakumbuka nilikokulia. Nimezaliwa kijiji kimoja cha wilaya ya Magu, na nyumbani kwetu kulikuwa na shikome. Msiojua: ni ule moto wa jioni unaowashwa nje, ng'ombe wakisharudi zizini. Babu alikaa hapo, wajomba wakakaa, wavulana wakakaa chini. Vitendawili, nyimbo, habari za nani ameoa wapi, shauri la shamba, na adhabu za maneno kwa aliyepoteza ndama. Mimi kama msichana nilisikilizia jikoni, mwiko mkononi, na mengi niliyoyafundisha baadaye darasani niliyapata kwa kusikilizia vile. Hakuna aliyeambiwa atumie muda wake vizuri. Palikuwa na moto, watu wakakaa.

Kazi na mapumziko pia havikuwa mbalimbali sana. Bugobogobo mnaiona siku hizi jukwaani, vijana wanarusha majembe na kuyadaka, mkadhani ni mchezo wa kuburudisha wageni. Ile ngoma imezaliwa shambani, majembe yakienda kwa mapigo mamoja ili shamba kubwa liishe kabla jua halijawa kali. Na baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilikuwa vinashindana kucheza, na watu walijiandaa miezi. Nendeni Bujora, pale Kisesa, kwenye njia ya Musoma, kwa daladala mnafika. Kuna makumbusho ya Wasukuma, kuna ngoma kubwa za watemi, na mwezi wa sita mashindano bado yanachezwa. Mnaosomea utamaduni na habari mnakaa miaka mitatu mwendo wa daladala kutoka hapo, mnamaliza hamjakanyaga.

Nilisoma chuo cha ualimu Butimba, hapo jirani tu, 1982 hadi 1984. Msinitazame hivyo, ile ilikuwa miaka ya shida. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Jumamosi yetu nzuri iliweza kwisha yote kwenye mstari tukisubiri vipande viwili vya sabuni. Lakini Butimba ilikuwa na muziki na michezo, na jioni ulisikia watu wanafanya mazoezi ya sauti huku, wengine wanapiga mpira kule, na hata asiyejua kuimba alibeba viti. Nimesahau mengi ya saikolojia ya elimu. Sauti ya pili ya wimbo tulioufanyia mazoezi muhula mzima naijua mpaka leo. Sisemi enzi zile zilikuwa bora. Tulilala na njaa mara nyingi, na ninyi mna simu inayowafikisha kwenye kitabu chochote. Nasema mahali palikuwepo, tulipakuta pamewekwa na watu waliotutangulia.

Kwa hiyo mwaka ule wa 2019 nikaita fundi. Mbao mbili ndefu na miguu ya mti mgumu, benchi la watu saba, chini ya mwembe wangu. Pamoja na ufundi lilinigharimu shilingi 45,000. Nikavuta waya kutoka kibarazani, nikaning'iniza taa moja ya wati 9. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaogopa umeme utaliwa. Tukakaa mezani tukapiga hesabu, na hesabu hii nawapa wenye nyumba wenzangu bure. Wati 9 kwa saa nne kila usiku ni wati-saa 36. Kwa siku thelathini ni 1,080, yaani uniti moja na kitu. Kwa bei ninayonunulia LUKU, haifiki shilingi mia nne kwa mwezi. Tunawanyima watoto mwanga kwa hela ya maandazi mawili.

Siku tatu za mwanzo halikukaliwa na mtu. Walipita wakalitazama, kila mmoja na simu yake, wakaingia ndani. Siku ya nne msichana wa Kigoma alitoka na kitana na mafungu ya rasta, akaketi, akaanza kumsuka mwenzake. Kusuka kunachukua muda, mnajua. Ilipofika saa moja walikuwa watano. Mmoja anashika taa ya simu, mmoja anachana mafungu, wawili wanabishana kuhusu kesi waliyofundishwa siku ile, kama mkataba wa mdomo unaweza kuthibitishwa mahakamani. Mvulana wa uvuvi akasimama pembeni na ndoo yake, akasikiliza, akaiweka ndoo chini.

Huyo mvulana ndiye alinifundisha kitu ambacho nimeishi ukingoni mwa ziwa hili miaka yote sikukijua. Aliwaeleza wenzake habari za furu. Wale samaki wadogo wa rangi rangi, wa aina mamia, waliokuwa wamejaa ziwani, na sangara alivyoletwa miaka ya 1950 akawala mpaka aina nyingi zikatoweka. Msichana wa uandishi wa habari alikuwa anatafuta habari ya kuandika wiki nzima, alikuwa ameshanunua bando mara mbili kuitafuta mtandaoni. Akaipata pale, kwenye benchi, kutoka kwa mtu aliyelala naye ukuta kwa ukuta miezi mitano. Jumamosi wakaenda wote mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, wakazungumza na wachuuzi wa dagaa. Alirudi na daftari limejaa na viatu vinanuka samaki, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko siku ya boom.

Nao wachuuzi waliwaambia jambo ambalo tangu siku hiyo nalifikiria ninapowatazama. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, mwanga wa taa haumvuti dagaa, kwa hiyo kila mwezi wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa. Siku hizo wengine wanakunywa, na hilo lipo. Lakini ukipita mwaloni utaona wengi wamekaa chini ya kivuli wamezungushiana nyavu miguuni, sindano mkononi, wanashona, wanaongea, wanacheka, mmoja anasimulia. Wamepumzika na nyavu zinapona. Nami nikaona ndivyo lilivyo lile benchi. Msichana wa Kigoma alikuwa amepumzika, na nywele zinasukwa, na kesi inajadiliwa.

Simu sizipigi vita. Najua mna sizoni zenu za Kikorea, nimezitazama pia, na nililia. Lakini nataka mlitazame bando la usiku kwa macho makavu. Linauzwa rahisi kuanzia saa sita za usiku mpaka alfajiri, kwa hiyo mwanachuo mwenye hela ndogo anapangiwa saa za kustarehe na mtu asiyemjua. Nasikia kupitia dari, saa tisa usiku, vyumba vitatu vinaongea Kikorea. Saa mbili asubuhi kuna kipindi. Mtoto anaamka macho mekundu, na mnasema amepoteza muda. Amenunua starehe kwa bei aliyoimudu, na malipo yamekatwa kwenye usingizi. Mkiwa watano mkachanga bando moja la mchana mkatazama pamoja kwenye benchi, mtatumia hela ndogo zaidi na mtalala. Wapangaji wangu wa mwaka jana walifanya hivyo. Ijumaa jioni kompyuta moja, shuka jeupe kwenye kamba yangu ya nguo.

Sasa nizungumze na wasichana, na wavulana wasikilize kwa makini kuliko wasichana.

Miaka kumi na minane ya kutazama kamba moja ya nguo inafundisha. Jumamosi asubuhi wavulana wameshatoka, wako kwenye ndondo, mpira wa mtaa, na mimi naupenda mpira. Wasichana wako bombani. Wanafua za kwao, na kwenye beseni naona na jezi. Nauliza jezi ya nani, naambiwa ya kaka. Kaka gani, kaka wa chumba namba mbili. Mchana msichana huyo huyo anapika kwa watatu kwa sababu wamechanga unga, na waliochanga unga hawajachanga mikono. Ikifika saa kumi na moja amepata saa moja ya kwake, na jua Mwanza linazama kwenye saa moja hivi, na njia ya kutoka kwenye vimbweta vya chuo, vile viti vya kusomea nje, mpaka hapa ina kichaka na mawe makubwa na hakuna taa. Basi anarudi mapema. Wavulana wanabaki kusoma mpaka saa nne. Matokeo yakitoka tunasema wavulana wana juhudi.

Mimi nilisikilizia shikome jikoni, mwiko mkononi. Sitaki mjukuu wa mtu yeyote asikilizie chuo kikuu bombani, jezi ya mtu mkononi. Mvulana, jezi yako fua. Mnaochanga unga changeni na zamu. Na mnapotoka kusoma usiku tokeni kundi moja, mmfikishe kila msichana mlangoni kwake, bila kuomba namba ya simu kama malipo.

Ziwa. Nikinyamaza juu ya ziwa nitakuwa nimewaficha. Mtaenda, najua, na mna haki ya kwenda. Mmekuja mji uliojengwa juu ya mawe mbele ya maji. Kaeni ufukweni jioni, tazameni jiwe la Bismarck watu wanalopiga picha. Nendeni Saanane. Ni boti dakika chache tu kutoka mjini, hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba mbili na kidogo, ina pimbi na swala na mawe ya kukaa kimya. Imebeba jina la mzee Saanane aliyeishi kisiwani hapo kabla hakijawa cha wanyama. Nikiwauliza wapangaji wangu wanaomaliza, ni mmoja mmoja amefika. Mkiwa kundi, kwa hela ya jioni moja ya baa mnakwenda na kurudi.

Lakini maji yana mambo yake. Kichocho kipo, kile cha tumbo, na kinakaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, pale pale panapoonekana pazuri pa kuingia. Kijidudu kinatoka kwa konokono, kinapenya ngozi, hukisikii. Dawa ipo, na aliyekwisha kuingia maji akapime, asione aibu. Usiogelee umekunywa. Usipande mtumbwi bila jaketi okozi hata kama nahodha anacheka. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, na siku meli ya MV Bukoba ilipozama nilikuwa na watoto wawili darasani ambao mama zao walikuwa ndani. Kuna makaburi ya waliokufa siku ile, pale Igoma. Mkipata nafasi nendeni mkayaone, nalo ni jambo la kufanya Jumamosi moja katika miaka yenu mitatu.

Wenye nyumba wenzangu. Najua hofu zenu, nilizikumbatia mimi. Kelele, wageni, wizi, mimba. Nawapa nilichokiona tangu nitoe ile karatasi. Wizi umepungua, kwa sababu tisa wanaojuana wanamtambua wa kumi asiye wao. Mtoto akiumwa usiku mimi siamshwi wa kwanza tena, wenzake wameshaita bajaji. Mwaka 2021 msichana alipandwa na malaria kali saa saba za usiku, nikaja kuambiwa asubuhi akiwa ameshalazwa hospitali ya Bugando na wawili wamekaa naye. Kodi nayo inalipwa vizuri zaidi, maana mwenye shida anakopeshwa na mwenzake kabla hajaanza kunikwepa. Kelele zipo, kweli, na tumekubaliana saa nne benchi linanyamaza. Wao wenyewe ndio waliopanga saa hiyo, na wananyamazishana.

Mwenyekiti, ombi langu kwako ni moja na ni la uwanja huu huu. Madarasa ya shule hii yanabaki matupu kuanzia saa tisa alasiri. Nimefundisha humo miaka kumi na moja, najua madawati ni madogo, lakini ni madawati na kuna umeme. Tuombe vyumba viwili, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Wanachuo wasome humo. Badala ya kodi, saa moja ya kwanza wawasaidie watoto wa darasa la saba hesabu na Kiingereza. Wako hapa wanaosomea ualimu, nimewaona wameinua vichwa. Umeme tuchange sisi wenye nyumba, na hesabu nimewapa. Umeniahidi utalifikisha kwa kamati ya shule. Nitakuja ofisini Jumanne kuulizia, na nikikukosa nitakuja Jumatano.

Nanyi wanangu msikae mkasubiri kamati. Mwenye nyumba wako hana benchi? Matofali manne na ubao mmoja. Hana taa? Zungumza naye kwa adabu, mwoneshe ile hesabu ya wati 9. Anayejua kusuka asuke nje. Anayejua kutengeneza simu atengeneze nje, wenzake waone mkono unavyokwenda. Mwenye gitaa ambaye anapiga chini ya shuka ili asisikike, na yupo, namsikia, atoke nje apige. Jifunzeni majina. Anzieni na jirani wa kushoto.

Kwangu taa inawashwa leo saa kumi na mbili na nusu. Ni nyumba yenye geti la kijani, ukipita mashine ya kusaga, mwembe unauona kwa juu ya ukuta. Asiyepanga kwangu naye aje. Chai ya rangi ipo, na michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa, nimechemsha sufuria kubwa, kwa wale wanaotaka kujua Wasukuma wanakula nini wakati wa kiangazi. Njooni na vikombe vyenu, maana vyangu ni sita tu. Wabeja sana, asanteni sana.